Chikatilo wa Rostov: Kurasa 65 za Daktari Zilifanya Kazi Gani Hasa?

Novemba 20, 1990, askari kanzu walimkamata mwanamume wa miaka 54 mjini Novocherkassk, kusini mwa Urusi. Begani alikuwa na mkoba, na ndani yake mlikuwa na kisu cha kukunja na vipande viwili vya kamba. Kwa sheria ya Kisovieti ya wakati ule, angeweza kushikiliwa siku 10 tu kabla ya kufunguliwa mashtaka. Siku ya tisa ilifika hajakiri kitu. Ndipo akaitwa Aleksandr Bukhanovsky, daktari wa magonjwa ya akili wa mjini Rostov, akaketi mbele ya mtuhumiwa na kumsomea sehemu za ripoti ya kurasa 65 aliyokuwa ameiandika miaka kadhaa nyuma kuhusu muuaji asiyejulikana. Baada ya kama saa mbili Andrei Chikatilo alitokwa na machozi, akakubali kwamba mtu aliyeelezwa mle ni yeye.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ushahidi kwamba wasifu wa kisaikolojia, yaani picha ya tabia na maisha ya mhalifu asiyejulikana inayochorwa kutokana na matendo yake, unaweza kumnasa muuaji wa mfululizo. Ukilifuata jalada hatua kwa hatua unakuta jambo jingine. Wasifu haukumnasa Chikatilo. Alinaswa na jina lake kwenye taarifa ya askari wa zamu katika stesheni ndogo ya porini. Wasifu ulifanya kazi moja, na uliifanya vizuri sana: ulimfungua mdomo. Kuzichanganya kazi hizi mbili ni kosa linaloendelea kugharimu maisha ya watu.

Mtu mwenyewe

Chikatilo alizaliwa Oktoba 16, 1936, katika kijiji cha Yabluchne, Ukraine, miaka michache tu baada ya njaa kuu ya 1932 na 1933. Alikua akisimuliwa na mama yake kwamba kaka yake mkubwa, Stepan, alikamatwa na watu wenye njaa wakamla. Hakuna kumbukumbu iliyowahi kulithibitisha hilo, lakini kwa mchambuzi wa akili ya mtu, mtoto kulala na habari hiyo kila usiku ni jambo zito hata kama haikutokea. Baba yake alichukuliwa mateka na Wajerumani vitani, na aliporudi alitazamwa kama msaliti. Mtoto mwenyewe alikuwa mwenye haya, haoni vizuri mbali, anakojoa kitandani, anaonewa na wenzake.

Ujanani aligundua kwamba nguvu zake za kiume hazifanyi kazi kama za wenzake, na habari zikasambaa kijijini. Aibu hiyo hakuiacha nyuma. Hata hivyo alioa mwaka 1963, akapata binti na mwana, akasoma kwa njia ya posta akahitimu fasihi ya Kirusi mwaka 1970, akawa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti na mwalimu. Majirani walimjua kama baba wa familia, mpole, msomaji wa magazeti.

Kwenye ualimu ndiko lilikotokea pengo la kwanza, na mimi naliona kubwa kuliko yote yaliyofuata. Wanafunzi walilalamika kwamba anawashikashika. Alihama shule moja hadi nyingine ndani ya Novoshakhtinsk, kisha mwaka 1978 akahamia Shakhty, na malalamiko yalipozuka njia ilikuwa ya kimya: aandike barua ya kuacha kazi, aondoke kimyakimya, jina la shule lisichafuke. Hakufunguliwa jalada. Miaka michache baadaye wapelelezi walipokuwa wakipekua orodha za watu wenye historia ya makosa ya ngono dhidi ya watoto, yeye hakuwemo, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwandika. Hakuna wasifu unaoweza kuziba pengo la aina hii.

Desemba 22, 1978, msichana wa miaka 9 aliuawa mjini Shakhty na mwili wake kutupwa mtoni. Chikatilo alikuwa amenunua kwa siri kibanda karibu na hapo, na alihojiwa. Lakini karibu na eneo hilo aliishi kijana aliyewahi kufungwa kwa kubaka na kuua. Polisi walimgeukia huyo, wakambana hadi akakiri, na mwaka 1983 akapigwa risasi. Baadaye Chikatilo ndiye aliyesema kwamba mauaji hayo yalikuwa yake ya kwanza. Kijana yule alifaa kwa kila kigezo cha kijuujuu: ana rekodi, yuko karibu, amekiri. Kila anayetumia wasifu angefaa kuanza na kifo chake, maana kinaonyesha mtu anavyoweza kufanana na picha na bado asiwe yeye.

Mwaka 1981 ualimu ulimwisha kabisa, akapata kazi ya ofisa ugavi kiwandani. Ofisa ugavi wa Kisovieti alikuwa mtu wa safari: anatumwa mji huu kutafuta vipuri, mji ule kusukuma mzigo uliochelewa. Ana mkoba, ana karatasi ya ruhusa ya safari, na hakuna anayeshangaa kumwona stesheni saa yoyote. Mauaji yaliyofuata yalianza Septemba mwaka huohuo.

Damu iliyomwachia huru

Mwaka 1983 Moscow ilituma kikosi chini ya Meja Mikhail Fetisov, naye akampa Viktor Burakov, mtaalamu wa uchunguzi wa kisayansi, usimamizi wa kazi eneo la Shakhty. Operesheni iliitwa kwa jina la kanda za miti zilizopandwa kuzuia upepo kati ya mashamba na reli, kwa sababu miili mingi ilipatikana humo. Waliouawa walikuwa wanawake, wasichana na wavulana, wengi wao wakiwa peke yao kwenye vituo vya basi na treni: watoto waliotoroka nyumbani, wanawake wasio na makazi, vijana wenye ulemavu wa akili. Mchanganyiko huo uliwavuruga wapelelezi. Walioamini kwamba muuaji wa wanawake hawezi kuwa muuaji wa wavulana walitafuta watu wawili au zaidi. Vijana wenye ulemavu wa akili walibanwa wakakiri mauaji, na mauaji yakaendelea wao wakiwa mahabusu. Mashoga, ambao sheria ya Kisovieti iliwahesabu wahalifu tayari, walisakwa na kuhojiwa kwa wingi. Baadhi yao walijiua. Na kwa kuwa magazeti yalikatazwa kuliandika jambo hili, wazazi waliendelea kuwaacha watoto wasafiri peke yao.

Septemba 13, 1984, askari kanzu wawili waliokuwa wakivinjari stendi ya mabasi ya Rostov walimwona mwanamume mwenye mkoba akiwasogelea wanawake na wasichana mmoja baada ya mwingine, akijaribu kuzungumza nao. Walimfuata, kisha wakamkamata. Mkobani mlikuwa na kisu, kamba na mafuta ya Vaselini. Alikuwa Chikatilo.

Damu yake ilipimwa ikawa kundi A. Shahawa zilizopatikana kwenye miili zilikuwa zimesomwa kuwa AB. Kwa hesabu ya maabara, si yeye. Alihukumiwa kwa wizi mdogo wa mali ya mwajiri wake, akakaa ndani kama miezi mitatu jumla, akaachiwa Desemba 1984. Aliua watu takriban 20 baada ya hapo.

Inafaa kueleza kosa hilo, kwa sababu watu wengi wanadhani maabara haidanganyi. Kundi la damu la ABO halimo kwenye damu tu. Watu wengi hutoa alama zake pia kwenye mate na shahawa, na kundi la mtu mmoja huwa lilelile kila mahali. Lakini sampuli iliyolala porini siku kadhaa, kwenye joto na unyevu, huingiwa na bakteria, na wapo bakteria wenye alama inayofanana na ya B. Chukua A ya mtu, ongeza B ya bakteria, unasoma AB. Sampuli kuchafuliwa au kusomwa vibaya ni maelezo rahisi kuliko yale waliyoyatoa wataalamu wa Kisovieti, kwamba kuna watu adimu ambao damu yao ni kundi moja na shahawa zao kundi jingine. Maelezo hayo hayakukubalika kwingine.

Vyovyote iwavyo, kosa kubwa halikuwa la chupa wala darubini. Lilikuwa la utaratibu: kipimo kilichochukuliwa kwenye mazingira mabovu kilifanywa mlango wa kutokea. Mtu mwenye kisu, kamba, safari za kazi na tabia ya kuwasogelea wasichana stendi alifutwa na herufi moja. Jina lake lilibaki kwenye kadi, likiwa na alama ya kwamba amechunguzwa na hahusiki.

Daktari alivyoyasoma mauaji

Burakov alipokwama alifanya jambo ambalo polisi wa Kisovieti hawakuwa wamelifanya katika kesi ya mauaji ya mfululizo: aliomba msaada wa daktari wa akili. Bukhanovsky alipewa maelezo ya maeneo ya matukio na ripoti za uchunguzi wa maiti, na humo akatoa wasifu wake. Alisema muuaji ni mtu wa miaka 45 hadi 50, mpweke, aliyepitia utoto wa maumivu na kutengwa. Hawezi kumtongoza mwanamke. Akili yake ni ya kawaida. Huenda ana mke na watoto. Ni mkatili wa kingono aliyeishiwa nguvu za kiume, anayepata msisimko kwa kuona mateso tu, na kisu chake kinachukua nafasi ya kiungo kisichofanya kazi. Kazi yake inamsafirisha, na siku anazoua zinaonyesha amefungwa na ratiba ya uzalishaji.

Mambo hayo hayana uzito sawa, na msomaji wa wasifu wowote inabidi ajifunze kuyapima moja moja.

Lenye nguvu kuliko yote ni la kazi na safari, kwa sababu halitokani na nadharia ya nafsi. Unachukua kalenda, unaweka alama kila siku mtu alipoonekana mara ya mwisho akiwa hai, na unachukua ramani ya reli. Mauaji mengi yalikuwa siku za kazi, karibu na vituo vya usafiri, yametawanyika mkoa mzima. Mtu wa kiwandani anayeingia saa mbili na kutoka saa kumi hawezi kuwa kilomita 80 kutoka kwake Jumanne mchana. Asiye na kazi angeweza, lakini asingekuwa na mpangilio wa siku. Anayebaki ni mtu anayetumwa. Hoja hii inaweza kukaguliwa na karani yeyote mwenye majalada ya safari za kikazi, na hapo ndipo ilipolala thamani yake. Majalada hayo yalikuwepo katika kila kiwanda.

Linalofuata kwa nguvu ni la nguvu za kiume. Majeraha yalikuwa mengi kuliko yanavyohitajika kuua, mengine mafupi, yamerudiwarudiwa. Shahawa zilikuwepo, lakini dalili za tendo lenyewe kukamilika mara nyingi hazikuwepo. Ukiziweka pamoja unapata mtu ambaye kisu ndicho kinachomfikisha. Hoja hii pia ndiyo iliyoondoa ule mkanganyiko wa wanawake na wavulana. Kama raha inatoka kwenye mateso na si kwenye mwili wa anayeteswa, basi jinsia ya mhanga inategemea zaidi nani amepatikana peke yake siku hiyo. Kwa maoni yangu huo ndio mchango wa kitaalamu ulio bora kuliko yote ndani ya zile kurasa 65, ingawa hutajwa mara chache. Ungesomwa mapema na kila mkubwa wa upelelezi, wale wanaume waliosakwa kwa sababu ya maisha yao ya faragha wasingeguswa.

Suala la mke na watoto lilienda kinyume na picha ya mwendawazimu anayeishi peke yake. Muuaji huyu aliweza kumshawishi mtu amfuate kwa miguu hadi kwenye miti bila kelele, mbele ya macho ya abiria. Hiyo ni kazi ya mtu aliyezoea kuonekana wa kawaida. Hapa kuna jambo la kuangalia kwa makini: wasifu ulisema hajui kutongoza, na hilo lilikuwa kweli, ila Chikatilo alijua sana kuongea. Kwa mtoto aliahidi peremende au kitu cha kuchezea. Kwa mwanamke mwenye njaa, chakula na kinywaji. Kwa aliyechelewa, njia ya mkato. Alikuwa mwalimu wa zamani. Udhaifu wake ulikuwa mbele ya mwanamke aliye sawa naye, si mbele ya mnyonge. Anayesoma "mpweke, hawezi kutongoza" akatafuta mtu mwenye kigugumizi asiyetazama watu usoni, atampita mwalimu huyu mlangoni.

Utoto wa maumivu ndio mwepesi kuliko yote. Ulikuwa sahihi, lakini katika nchi iliyopitia njaa, misako ya Stalin na vita, mwanamume gani wa miaka 50 hakuwa na utoto wa maumivu? Maelezo yanayomfaa kila mtu hayamtengi yeyote. Vivyo hivyo akili ya kawaida.

Na umri? Mwaka 1985 Chikatilo alikuwa anaelekea miaka 49. Ulipatia. Lakini umri ni kati ya mambo ambayo wasifu hukosea mara kwa mara, na kuufanya kigezo cha kumwondoa mtu orodhani ni hatari ileile ya kundi la damu.

Sasa tufanye hesabu ambayo wapenzi wa wasifu huiruka. Mkoa wa Rostov ulikuwa na watu zaidi ya milioni 4. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba 3 kati ya kila 100 ni wanaume wa rika hilo: hao ni 120,000. Tuseme 1 kati ya kila 20 ana kazi ya safari: wanabaki 6,000. Wengi wao wana wake na watoto, na lililobaki, nguvu za kiume na mateso ya utotoni, halionekani kwa macho wala haliandikwi kwenye kitambulisho. Wasifu sahihi kabisa unakuachia maelfu ya wanaume. Unachoweza kukufanyia ni kupanga foleni: nani atazamwe kwanza. Na foleni ikishakuwa na lango la AB, wasifu unapangia foleni ya watu wasiohusika.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi dhana ndogo inavyoweza kulifunga jicho. Agosti 1985, akiwa safari ya kikazi, Chikatilo aliua karibu na uwanja wa ndege wa Domodedovo, Moscow. Wapelelezi waliitambua mikono yake kwa majeraha. Wakawaza: ni uwanja wa ndege, basi amekuja kwa ndege. Wakapekua orodha za abiria wote wa Aeroflot, shirika la ndege la Kisovieti, kati ya Rostov na Moscow. Alikuwa amekwenda kwa treni, na tiketi ya treni haikuandikwa jina. Mwaka 1987 aliua tena nje ya mkoa, Revda kule Urali, Zaporizhzhia kule Ukraine, na Leningrad, na polisi wa miji hiyo hawakuwa na sababu ya kupiga simu Rostov.

Mtego wa stesheni ndogo

Mwishoni mwa 1985 Issa Kostoyev kutoka ofisi ya mwendesha mashtaka wa Urusi alikabidhiwa usimamizi wa kesi nzima. Kufikia vuli ya 1990 miili ilikuwa inaongezeka tena, na Burakov na Fetisov wakatengeneza mpango ambao unafaa kusomwa na mpelelezi yeyote, kwa urahisi wake.

Stesheni kubwa za mkoa zilijazwa askari waliovaa sare, waonekane waziwazi. Stesheni tatu ndogo zilizokuwa karibu na miti, Kirpichnaya, Donleskhoz na Lesostep, ziliachwa zionekane hazina mtu, kumbe zina askari kanzu. Watu 360 walitumika. Wazo lilikuwa kumsukuma muuaji kutoka mahali penye macho mengi hadi mahali anapodhani yuko peke yake. Mpango ulianza Oktoba 27. Kila mwanamume mwenye umri wa utu uzima anayeshuka peke yake, au akiwa na mwanamke au mtoto, aulizwe karatasi, jina liandikwe, taarifa ipelekwe ofisini.

Novemba 6, askari aliyekuwa Donleskhoz alimwona mwanamume akitoka mitini, akaenda kisimani kunawa mikono na uso. Koti lilikuwa na nyasi na udongo viwikoni, na shavuni palikuwa na doa jekundu. Alimkagua karatasi. Hakukuwa na sababu ya kisheria ya kumzuia, akamwacha, ila aliandika. Siku chache baadaye mwili wa mwanamke wa miaka 22 ukapatikana karibu na hapo. Taarifa za zamu zikapekuliwa, jina la Chikatilo likatokea, na kulinganishwa na kadi ya 1984. Safari zake za kikazi zilipowekwa mbele ya kalenda ya mauaji, zilifuatana. Alifuatiliwa kuanzia Novemba 14, akionekana kwenye treni na mabasi akijaribu kuanzisha mazungumzo na wanawake na watoto waliokuwa peke yao. Siku sita baadaye wakamkamata.

Katika hatua hii yote wasifu ulikuwa nyuma ya pazia. Kilichofanya kazi ni kalenda, ramani na kalamu ya askari mmoja aliyeandika jina la mtu ambaye hakuweza kumkamata.

Siku kumi

Ushahidi uliokuwepo ulikuwa wa mazingira. Kisu na kamba si mauaji. Daktari alikuta kidole chake kimevunjika na kina jeraha la kung'atwa na mtu. Nyumbani kwake vilipatikana visu 23. Bado hapakuwa na shahidi, na lile suala la kundi la damu lilikuwa bado linaning'inia juu ya kesi.

Kostoyev aliamua kumhoji mwenyewe. Hakumpiga, na alijaribu kumwonyesha mtuhumiwa kwamba anamwona kama mgonjwa anayehitaji tiba. Chikatilo alijibu kwa kuandika. Aliandika kurasa za maelezo marefu yenye kuzungukazunguka, akakana mauaji, lakini akazungumzia udhaifu wake wa kingono na kufadhaika kwake. Mpelelezi asiyejua saikolojia angezitupa karatasi hizo kama porojo. Kumbe zilikuwa ramani: mtu huyu alikuwa anataka kuelezwa, ila hakuweza kusema mwenyewe neno la kwanza. Kila Kostoyev aliposogea kwenye mauaji yenyewe, alifunga.

Bukhanovsky alipoingia Novemba 29 hakuuliza "uliua?" Alijitambulisha kama daktari, akasoma. Alisoma kuhusu utoto, kudhihakiwa, mwili uliomwangusha, ndoa yenye aibu ya kimya, na mahali ambapo nguvu ilirudi. Nadhani sababu ya mbinu hii kufaulu ni mpangilio wake. Shtaka humweka mtu mbele ya adhabu. Simulizi inayomhusu humweka mbele ya mtu anayejua. Chikatilo alikuwa amebeba siri ya udhaifu wake kwa zaidi ya miaka 30, na siri hiyo kwake ilikuwa nzito kuliko mauaji. Mgeni alipoitamka bila kumcheka, mauaji yalikuwa hatua inayofuata tu. Hata yale maelezo mepesi ya utoto, ambayo kwa upekuzi hayakuwa na thamani, hapa ndiyo yaliyokuwa ufunguo. Sentensi inayowafaa maelfu ya wanaume haimtafuti yeyote, lakini ukimsomea mmoja wao, akiwa peke yake usiku wa tisa mahabusu, ataisikia imeandikwa kwa ajili yake.

Mbinu hiyo ina sumu yake, na si haki kuificha. Chikatilo aliachwa aamini kwamba akionekana mgonjwa huenda hatashtakiwa. Njia ileile, kumwonea mtu huruma, kumpa simulizi iliyokamilika, kumfungulia tumaini la hospitali badala ya risasi, inaweza kumfanya mtu dhaifu asiye na hatia aivae simulizi isiyo yake. Vijana wenye ulemavu wa akili wa kesi hiihii walikuwa wameshathibitisha hilo kwa njia ya ukali zaidi. Kinachotofautisha ungamo la kweli na la kuvishwa ni yale ambayo aliyekiri anayajua na mhoji hayajui, na hapo Kostoyev alifanya kazi safi. Kila tukio lilirudiwa kwa undani: mahali, nguo, walivyokutana. Chikatilo alichora michoro. Alipelekwa mashambani akaonyesha mahali palipokuwa na mabaki ambayo polisi hawakuwa wameyapata.

Agosti 1991 alipelekwa Taasisi ya Serbsky ya magonjwa ya akili, Moscow, kwa uchunguzi wa siku 60. Madaktari walimkuta na kasoro ya haiba yenye sura ya ukatili, lakini mwenye kujua alichokuwa anafanya na mwenye uwezo wa kujizuia. Tumaini la hospitali likaishia hapo. Mahakamani, kuanzia Aprili 14, 1992, akiwa ndani ya kizimba cha chuma kilichowekwa kumkinga na ndugu wa marehemu, alipiga kelele, akaimba, akavua nguo. Wengi waliona wazimu. Mimi naona vigumu kulisahau jambo moja: kwa miaka 12 mtu huyu aliweza kunawa kisimani, kufuta miwani na kupanda treni ya kurudi kwa mkewe.

Hesabu ya mashtaka nayo inaonyesha namna ungamo linavyopaswa kuchujwa. Polisi walikuwa wamemhusisha na mauaji 36. Alikiri 34, na mawili ya mwaka 1986 akakataa kuwa yake. Kisha akaongeza 22 ambayo hawakuwa wameyahusisha naye, jumla 56. Matatu kati ya hayo hayakuweza kuthibitishwa, yakaachwa. Alishtakiwa kwa 53. Oktoba 1992 Jaji Leonid Akubzhanov alimtia hatiani kwa 52, na moja lilianguka kwa kukosa ushahidi. Aliuawa kwa risasi kutekeleza hukumu yake, Februari 14, 1994, katika gereza la Novocherkassk, mji uleule alikokamatwa. Yale mawili ya 1986 hayakuwahi kuandikwa jina lake.